Vidole Viwili vya Clem Hruska

Hadi kipindi cha saba cha mchezo wa besiboli, Dayton walikuwa wanaongoza kwa pointi tatu bila jibu, tena ugenini. Ndipo wenyeji, Zanesville, wakaanza kupiga kana kwamba wananong'onezwa kila mpira kabla haujarushwa. Wa kasi waliuwahi, wa kupinda waliungoja. Sasa ni kipindi cha tisa, cha mwisho, tatu kwa mbili, amebaki mtu mmoja wa kutolewa, na mkimbiaji wao yuko kituo cha mwisho, miguu inamwasha.

Clem Hruska, mdakaji wa Dayton, alichuchumaa nyuma ya mpigaji akimtazama mrushaji wake, Anton Voss. Yeye ndiye humwonyesha Voss kwa vidole mpira wa kurusha: kimoja wa kasi, viwili wa kupinda. Walikuwa marafiki wa miaka. Safarini walilala chumba kimoja. Asubuhi ile Clem alimkuta kwenye ukumbi wa hoteli akizungumza na mtu mwenye kofia ya majani.

"Muuza viatu tu," Voss alikuwa amesema. Na kweli, Voss alikuwa na viatu vipya.

"Hruska!" kocha aliita. "Nimtoe?"

Clem akasita. Akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini. Na mrushaji akishatajwa kuuza mchezo, hakuna timu itakayomgusa tena.

"Ngoja kidogo, bosi."

Akamwendea Voss. "Tugeuze. Kidole kimoja sasa ni wa kupinda, viwili ni wa kasi."

"Na wenzetu?"

"Usimwambie mtu."

Voss alimkazia macho, kisha akakubali kwa kichwa.

Clem alirudi akiwaza. Kama Voss ndiye anayewapa siri, mpigaji atajua tu. Kama inavuja kwingine, atapotea.

Mpigaji aliitwa Rademacher, bonge la mtu, na alikuwa ameshakosa mpira mmoja. Akikosa miwili zaidi, basi.

"Mmemaliza kusali?" aliuliza. "Mwambie mwenzako alete wa kupinda. Nina njaa."

Clem akatoa vidole viwili. Rademacher akaungoja mpira upinde. Haukupinda, ulipita kama risasi, na gongo likapiga upepo nyuma yake.

"Bado una njaa, kaka?" Clem alimuuliza, lakini moyoni hakucheka. Si Voss. Ni nani, basi?

Akatoa viwili tena, safari hii akitupa macho mbali. Mlinzi wa kituo cha pili aliviona, akakunja ngumi mgongoni kuwajulisha walinzi wa nyuma kuwa unakuja wa kupinda, kama ilivyo desturi. Huko nyuma kabisa katikati, Lafe Tully, mwenye bidii kuliko wote, akahama hatua mbili kushoto ili auwahi mpira wa kupinda. Alisimama palepale macho ya mpigaji yanapotua. Rademacher akatabasamu.

Voss akarusha wa kasi. Gongo likachelewa. Mchezo ukaisha.

Wenzao walirukiana. Clem alimrushia Voss mpira, naye akaja nao polepole mkononi.

"Ni Lafe," Clem alisema haraka. "Anahama mapema. Walikuwa wanamsoma yeye."

"Nimemwona na mimi, sasa hivi. Lakini ulipogeuza vidole hukuwa umemwona bado." Voss alifuta jasho. "Ulikuwa unampima nani, Clem?"

Clem aliinama kufungua mikanda ya kinga za miguu. Mmoja ulimshinda.

"Wewe," alisema.

Voss akaweka mpira kwenye glavu ya Clem, taratibu.

"Basi leo ukalale chumbani kwa Lafe."