Posho ya Limi

Alfajiri Klara alikuwa akisonga ugali wa unga wa mwisho huku akimfundisha binti yake kusema jina la baba yake.

"Sema: Kalisti."

"Tatiti," akajibu Limi, akacheka.

Katika kambi ile ya wachimba dhahabu, upande wa Geita, akina mama walikuwa wakiazimana watoto siku za posho ya unga ili wapate ya ziada, mpaka mtoto mmoja akawa na baba watatu. Ndipo nyapara Jilala akatoa sheria: mtoto anayetaka kibaba cha unga ataje mwenyewe jina la baba yake. Wakubwa walitaja, wakala. Wa rika la Limi, ambao midomo yao imeshaziweza b na m lakini k na l bado zinawateleza, walirudi na vikapu vitupu. Dukani unga ulikuwa umepanda bei tena.

"Mkateni kimeo," jirani yake Mwamvua alimshauri Klara kwenye foleni. "Kile kinyama cha kooni ndicho kinachomzuia. Kuna mzee Tinde anakata kwa wembe, hata kulia hamalizi."

"Haumwi, dada. Ana miaka miwili tu."

"Haya. Na njaa ina mingapi?"

Zamu ikafika. Jilala, koti la kaki limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile, akainama.

"Baba yako nani?"

"Tatiti."

"Hatuna Tatiti hapa. Mkate kimeo, mayu, uje wiki ijayo."

"Nyapara, si unamjua Kalisti? Asubuhi hii umemteremsha shimoni mwenyewe."

"Mimi namjua. Sheria haimjui."

Klara alikwenda mwisho wa foleni, akachuchumaa, akamnong'oneza mtoto huku akimwonyesha kwa kidole lile koti la kaki. Zamu ikarudi.

"Wewe tena? Baba yako nani?"

Limi akaukumbatia mguu wa nyapara, akamtazama usoni.

"Baba!" B zote mbili zikatoka safi. "Baba! Baba!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwamvua akapiga kigelegele.

"Kumbe, nyapara! Na mkeo anajua?"

Jilala akajaza kibaba mbiombio, unga ukamwagikia viatu vyake.

"Chukua! Ondoka!"

"Ahsante, nyapara," alisema Klara kwa adabu zote, akaukung'utia kikapuni na ule wa viatuni.

Sheria haikufutwa. Wiki iliyofuata Mwamvua alikuja na mjukuu wake mgongoni, na muda wote kwenye foleni alikuwa akimwonyesha lile koti la kaki.