Tai na Rozari

Tangu mumewe afariki, Apolonia wa Mlandege alikuwa amekabidhiwa na paroko kazi ya kufua vitambaa vya altare, na miaka tisa ya kazi hiyo ilimpa jicho ambalo watu wa Iringa waliliogopa kuliko jicho la bwana afya. Doa ambalo wewe hulioni, yeye amekwisha kujua limetoka wapi na Jumapili ipi.

Jicho hilo ndilo alilopanda nalo basi kwenda Mbeya, mwaka wa sabini na saba, binti yake Evarista, aliyeolewa mtaa wa Soweto hukohuko Mbeya, alipojifungua mtoto njiti, mwepesi kama gunzi la mahindi. Mtoto alilazwa hospitalini katika chumba cha joto, pamoja na njiti wenzake watano. Wawili kati yao walikuwa wagonjwa: kitovu kimevimba, kinatoa usaha, mwili moto.

Muuguzi mkuu wa chumba kile, Sista Benedicta, sista wa uuguzi na si wa utawa, hakumficha. Watoto wale wamechomwa penisilini siku nne, nafuu hakuna. Kalinga wa maabara amevipima vijidudu akakuta ni sugu, sindano inavipitia kama mvua juu ya bati. Dawa nyingine imeagizwa Dar es Salaam, inakuja na treni. Mpaka ifike, kazi ni kuwakinga wale wanne wazima. Mjukuu wa Apolonia, kitanda cha mwisho kando ya dirisha, alikuwa mmoja wao.

Apolonia akasema basi yeye atakaa hapo hapo, akaketi kwenye benchi linalotazamana na mlango wa kioo.

Aliruhusiwa kuingia mara moja kwa siku. Alinawa mpaka viwikoni, akamlazia mjukuu rozari yake kifuani, akasali, akaivaa tena shingoni, akatoka. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo wa mambo ya Mungu, aliwaazima rozari hiyo mama za wale wagonjwa wawili, nao wakaenda kuwalazia watoto wao vivyo hivyo, wakamrudishia.

Muda uliobaki alitafuta mchafu. Wauguzi walinawa. Mfagiaji alinawa. Daktari Liberatus ndiye aliyenawa kuliko wote, ukucha kwa ukucha, utadhani padre anayejiandaa kwenda altareni.

Lakini Daktari Liberatus alikuwa na tai. Aliinunua ng'ambo alikosomea, nyekundu, pana kama ulimi wa ng'ombe. Kila alipoinama kumsikiliza mtoto, tai ilitangulia. Iligusa kitovu cha huyu, ikainuka, ikaenda kugusa cha yule. Apolonia akashika rozari akawa anasogeza punje moja kwa kila mguso. Wauguzi waliopita walimwona mama wa watu akisali kwa bidii, wakainamisha vichwa. Kufika siku ya tatu alikuwa amemaliza mafungu matatu kamili ya punje kumikumi, na tai ilikuwa imebakiza vitanda viwili kulifikia dirisha.

Alimwambia Sista Benedicta. Sista akachungulia kwanza kama daktari yuko karibu.

"Mama, mimi nina watoto wanasoma. Mwambie wewe, wewe unarudi Iringa."

Basi akamngoja daktari mlangoni.

"Kamwene, Ndugu Daktari. Tai hiyo hufuliwa lini?"

Daktari akacheka kwa upole, akamweleza kwamba tai ya namna ile haifuliwi, ikifuliwa inaharibika. Anayo tangu mwaka wa sabini na mbili.

"Hata stola ya padre, ile ya shingoni, tunaifua," akasema Apolonia. "Na padre haiburuti kwenye usaha."

Wauguzi wakakumbuka ghafla kazi zao za upande wa pili wa korido. Daktari hakucheka tena. Akamwita Kalinga na pamba yake, aipime tai, ili mama huyu anyamazishwe kwa elimu. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa na macho, akanyoosha kidole kwenye shingo ya Apolonia.

"Na hiyo pia."

Apolonia akasema rozari ile imebarikiwa na askofu. Kalinga akajibu kwamba maabara yake haina kipimo cha baraka, akaipangusa na kuondoka.

Siku mbili zilizofuata, daktari aliichomeka tai ndani ya shati, "kwa muda tu." Apolonia aliendelea kulaza rozari kifuani kwa mjukuu, bila wasiwasi wowote. Treni ikaleta dawa, wale wagonjwa wakaanza kupoa. Ndipo Kalinga akaja na karatasi.

Tai, akasoma, ina vijidudu vilevile. Daktari akaanza kulegeza fundo polepole. Apolonia akafungua kinywa kumshukuru Mungu, lakini Kalinga alikuwa bado anasoma. Rozari, vilevile.

"Nimemlazia hiyo kifuani siku tano," akasema Apolonia, na sauti yake haikuwa ya mfua vitambaa vya altare.

Sista Benedicta alikwisha kufika dirishani. Akamfunua mtoto, akamshika paji la uso, akainama sana. Kitovu kilikuwa kikavu kama kokwa. Kwa siku nne nyingine hakuna aliyemgusa bila Apolonia kusimama kwenye kioo, shingo tupu, akisali kwa vidole vyake kumi. Siku ya tano wakamruhusu mtoto kwenda nyumbani.

Uani kwa Evarista, Apolonia alichemsha tai, aliyokabidhiwa na daktari, pamoja na rozari katika sufuria moja, saa nzima. Tai ikatoka imejikunja, urefu wa kiganja. Alipomrudishia, daktari aliigeuzageuza akasema mjukuu wa Apolonia ataivaa akianza shule. Yeye mwenyewe tangu siku zile aliingia chumba kile shingo wazi, kama kuku aliyenyonyolewa.

Punje za rozari, zilizokuwa za mti mweupe, zilitoka nyekundu. Katekista wa Mlandege alipoziona alisogea kwa heshima akauliza zimetoka katika hija gani.

"Mbeya," akasema Apolonia. "Kanawe kwanza, ndipo uzishike."