Niulize Nikiwepo

Watazamaji wa kituo chetu cha televisheni wanamwita mtangazaji wetu Msema Kweli. Mimi, mpiga picha wake, nina jina jingine la kumwita, lakini mama yangu alinilea vizuri, sitalitaja hapa.

Siku hiyo tulikuwa sebuleni kwa mama mmoja, mshonaji wa kiwanda cha nguo kilichoungua upande mmoja, wenzake wawili wakafia humo ndani. Msema Kweli alimhoji vizuri, sikatai. Alimuuliza kama aliuona waya wa umeme ukitoa cheche kabla ya moto. Mama akasema aliuona, akamwambia meneja mpaka akaitwa mchochezi.

"Na baada ya moto, ulirudi kazini?"

"Ndiyo. Nina watoto wa kulisha," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Kamera yetu ni moja. Kwa hiyo mahojiano yakiisha huwa naigeuza kwa mwulizaji, naye anarudia maswali yake ili baadaye yaunganishwe na majibu. Ndiyo kawaida ya kazi na haina ubaya, maadamu maswali ni yale yale. Mama akaenda jikoni kutuchemshia chai. Msema Kweli akaweka tai sawa, akakunja uso, akaiuliza kamera: "Uliona hatari, ukanyamaza?"

Nilidhani ulimi umeteleza. "Hukumuuliza hivyo."

"Jibu lake linakaa vizuri zaidi hapo. 'Ndiyo. Nina watoto wa kulisha.' Watu watalia, we!"

Damu ilinichemka. Watalia? Watamtemea mate! Wafiwa wanaishi mtaa huo huo. Wangemwona kwenye taarifa ya habari akikiri kwamba aliwaacha watoto wao wafe kwa ajili ya tumbo lake, na huyu bwana angelala usingizi mnono.

"Mama!" nikaita. "Njoo, kuna swali jipya. Hili uulizwe ukiwepo."

"Una wazimu?" Msema Kweli akaninong'oneza.

Mama akaja na kitambaa cha jikoni mkononi. Nikamweleza yote bila kumung'unya maneno. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, nami nikamgeuzia kamera na kuiwasha.

"Haya, mwanangu," akamwambia Msema Kweli. "Niulize."

"Mama, haya ni mambo ya kiufundi tu..."

"Nimesema niulize!"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana. Akauliza kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Sikunyamaza," Mama akasema. "Nilimwambia meneja. Alipoziba masikio, nikawapigia simu nyinyi, hapo kituoni kwenu, kabla ya moto. Mkaniambia waya mbovu si habari, nipige tena kukitokea jambo."

Msema Kweli akarusha mkono kuzima kamera. Niliupiga kofi, na ningeupiga tena.

"Endelea, Mama," nikasema.

"Niendelee na nini? Jambo limeshatokea."