Mwiko wa Karanga

Esteri hakuwa mwongo, na ndiyo maana siku aliyoamua kudanganya alidanganya vibaya. Alikwenda kuokota uongo mkubwa kuliko nyumba yake, akauingiza humohumo ndani ukae na mume na watoto.

Kisa chenyewe kilikuwa mwanawe wa mwisho, Pasikali, miaka minne, kitumbo mbele na maneno mengi. Pasikali hakupatana na karanga. Akilamba hata tone la mchuzi wake, midomo inavimba, macho yanafumba, pumzi inakuwa ya kutafuta. Daktari wa Kabanga alimwambia Esteri waziwazi kwamba mwili wa mtoto huyu unazikataa, asipewe hata punje, maana safari nyingine huenda wasiwahi kufika hospitali.

Zamani, kila mtu alipokaa kivyake katikati ya migomba yake, lisingekuwa tatizo. Lakini mwaka ule wa sabini na tano walikuwa wamehamia kijijini Rungwe Mpya, nyumba mstari, mlango unatazama mlango, na mtoto akikuta wenzake wamezunguka sahani haulizi ni ya nani. Ananawa, anakaa. Wengine hata kunawa hawanawi, tusisingiziane. Esteri alipita nyumba kwa nyumba akieleza maneno ya daktari. Walimsikiliza kwa adabu, na alipowapa kisogo wakacheka. Daktari huyohuyo si alimkataza mzee Venanti ugoro? Na mzee Venanti anapiga chafya mpaka leo. Immakulata, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye roho nzuri asiyeambilika, aliamua kwamba mtoto akionjeshwa kidogo kidogo atazoea. Akamwonjesha majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Siku hiyo Felisiani, mume wa Esteri, alipiga baiskeli hadi Kabanga bila kugusa breki, mkewe nyuma na mtoto kifuani.

Mtoto alipona. Waliporudi ndipo Esteri akatunga lake. Aliwaambia majirani kwamba kumbe amesahau kuwaeleza jambo: ukoo wa mume wake una mwiko wa karanga. Basi, kazi ikaisha. Watu walewale waliomcheka daktari wakashika vinywa. Mwiko wa ukoo si kitu cha kuonja kidogo kidogo. Ukimlisha mtu alichokatazwa na wazee wake, balaa linampata yeye na wewe uliyemlisha. Immakulata akawa anasugua vyungu kwa majivu mara mbili kabla Pasikali hajatia mguu uani kwake. Watoto wa mtaa mzima wakageuka askari; Pasikali akinyoosha tu mkono pasipostahili, wanampigia kelele. Esteri akalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu wahamie.

Sasa tazama alivyojifunga. Mwiko hurithiwa kwa baba, na wanawake walioolewa humo huushika pia. Kwa hiyo Felisiani, mtu aliyekwenda kuposa na karanga mfukoni, naye akaachishwa. Alinuna wiki nzima, anameza ugali wake wa muhogo akimwangalia mkewe kama mtu aliyefungwa bila kesi. Hayo yalivumilika. Kubwa lilikuwa mama yake Felisiani, Bibi Theodosia wa Kibondo, ambaye karanga za kukaanga hazikuwahi kumwishia kwenye pindo la kitenge. Salamu zikaja kwamba Jumamosi anafika, na anakaa mwezi mzima.

Esteri alimtuma Felisiani akampokee kwenye lori, na amweleze yote njiani. Felisiani akaenda. Akabeba mizigo, akauliza habari za mvua, za mbuzi, na za padri, akarudia tena za mbuzi, na ujasiri wake ukaishia hapo.

Siku hiyo ilikuwa zamu yao kwenye shamba la kijiji, na wanawake walikuwa wamepika pamoja. Bibi Theodosia akapitiliza mpaka penye vyungu. Akasalimia kwa Kiha, zile salamu ndefu za kupiga makofi, akakaa, akafungua pindo. Karanga zikamwagika kwenye ungo, zinanukia mpaka ng'ambo ya shamba. Pasikali akamkimbilia bibi yake. Esteri akatupa jembe, akamdaka mtoto kwa ukosi wa shati.

Watu wakaugeukia ule ungo. Immakulata ndiye aliyeuliza, tena kwa heshima zote.

"Mama, tumeambiwa ukoo wenu hauli karanga. Mbona wewe unazo?"

Esteri alijua kwamba mama mkwe akicheka tu, kesho mwanawe atalishwa tena, na hakuna atakayemsikiliza. Alimwangalia tu yule mama, macho yanaomba.

Bibi Theodosia alikuwa na punje moja mkononi, imeshakaribia kinywani. Alimtazama mkamwana wake, akautazama ule mkono ulioshika shati la mtoto. Kisha akairudisha punje kwenye ungo, taratibu, kama anayeagana na ndugu.

"Ninazo kwa sababu nimewaletea ninyi," alisema. "Sisi hatuzigusi. Haya, kuleni."

Wakazila zote mbele ya macho yake, na Immakulata akamsifu kwa moyo wake wa kutoa. Felisiani alikuwa ameona jembe la kunoa, mbali kabisa.

Jioni, nyumbani, Esteri alipiga magoti akaungama kila kitu. Mama mkwe alimwacha magotini kidogo, haki yake, akamwambia kwamba mwongo mwenye akili angechagua mwiko wa kabichi. Kisha akamwinua na kumuuliza ugonjwa humwanza vipi mtoto. Esteri akasema unaanzia midomoni.

"Midomo kwanza," alisema Bibi Theodosia. "Halafu koo linapiga filimbi, kama upepo kwenye ufa wa mlango."

Esteri hakuwa amemwambia mtu habari za filimbi.

"Ildefonsi wangu," alisema yule mama. "Kaka yake Felisiani. Alikuwa na umri huuhuu. Nilimkuta uani kwa wifi yangu, hapumui tena, karanga bado ziko mkononi. Nikasema wifi yangu amemroga."

Akalia, na Esteri akalia naye, Pasikali akiwa katikati yao anauliza nani amewapiga.

Asubuhi Felisiani alikuta mizigo ya mama yake imefungwa tena. Akadhani ni hasira za karanga, akaanza kumbembeleza. Mama yake akamwambia karanga ameshaziaga, yeye atafute lori la kwanza la Kibondo.

"Kuna mtu sijamsalimia miaka thelathini," alisema. "Beba huo mzigo, twende."