Inukeni Wote

...kumi na moja, nimehesabu tena, wenye kwato wangu kumi na moja wamelala makaburini, yaani kwenye rundo lile la kadi zilizokufa pembeni ya mkono wangu wa kulia, nyati wawili, pofu, punda, yule fahali mwenye pembe moja, wote, na mkononi nimebaki na kadi mbili tu, moja haina maana yoyote na nyingine ni Inukeni Wote, nikiishusha mezani kila kiumbe kilichokufa kinasimama kwa mpigo, na kwa kuwa pakiti yangu nzima ni ya wenye kwato, na kila mwenye kwato akiingia anawaongezea nguvu wenzake, basi kumi na moja wakiingia pamoja hakuna wa kuwazuia, mchezo umekwisha, sasa kwa nini mkono hauendi, shusha, Loth, shusha kadi... "Zamu yako," anasema Felisiani, na haniangalii, anaangalia kadi zake mwenyewe kama mtu anayesoma tangazo ukutani, nilisema mambo akasema poa, akasema anza wewe, na sasa zamu yako, miaka sita halafu hayo tu. Jenifer hajui, na angejuaje, amehamia hapa Milanzi mwaka juzi na stationery yake, anatoa fotokopi, anauza madaftari, na kadi anaagiza Dar zinakuja na basi, leo kaandika majina yetu wanane kwenye vikaratasi akavitikisa ndani ya kofia ya mwenzetu Isdori, akasoma, Loth na Felisiani, meza ya dirishani, akasoma kwa sauti ile ile aliyowasomea wengine, na mimi nikataka kusema naumwa tumbo, nikataka kuvaa koti langu niondoke, lakini Felisiani alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, anachanganya kadi, mikono imekuwa ya mkulima kabisa, kucha zina udongo ule mwekundu usiotoka hata kwa sabuni, na vile vidole vilikuwa vya kushika chaki... nisifikirie hilo, nifikirie mchezo, Inukeni Wote inafufua wangu na wake pia, hapo ndipo wengi wanapoumia, wanaangalia kaburi lao wanasahau la mwenzao, haya, yeye ana pakiti ya mizizi, miti inayotembea, mianzi, mitambaazi, kila mzizi ukiingia unamwongezea uhai, na kaburi lake lina... saba, nane, tisa, mbona ni wengi hivyo, nilimuua tisa saa ngapi, ah, hakuzuia, raundi tatu zilizopita nilipomshambulia hakuzuia kwa ukuta wake, aliweka tu mti mbele yangu nikauvunja, akaweka mwingine nikauvunja, na mimi nikafurahi nikadhani amesahau kucheza, mashambani Mpui atacheza na nani. Na mimi ninacheza na nani, kusema kweli, jioni nikifunga kibanda changu cha kutengeneza simu narudi chumbani, natandika kadi juu ya kitanda, mkono wa kulia ni mimi, mkono wa kushoto ni yeye, na huo wa kushoto nauachia ushinde mara nyingine, hata nausemea, nasema umeona sasa, Loth, ulikimbilia nini, nasema kwa sauti yake, siku moja mwenye nyumba alisikia akagonga akauliza fundi una mgeni, nikasema ni redio. Mchana wateja wanakuja, fundi haishiki chaji, fundi kioo kimepasuka, fundi fundi fundi, na wiki inakwisha hakuna aliyenitaja jina. Isdori huko meza ya pili anabishana, "Samaki haruki, soma hapo, samaki haruki!" na mwenzake anasema huyu ana mabawa, na mashine ya fotokopi inanguruma, upepo unagonga bati, huu upepo wa mwezi wa saba unaoingia hata ndani ya soksi... Felisiani ndiye aliyeipa kadi hii jina. Tulikuwa kidato cha pili, bweni moja, mwalimu mmoja wa kujitolea wa hesabu alirudi kwao akatuachia boksi la kadi, maneno yote Kiingereza, na Felisiani akakaa na kamusi Jumapili tatu mfululizo akiandika maana kwenye vipande vya karatasi, akikwama ananiuliza, mimi Kiingereza changu kilikuwa kibovu kuliko chake, nikamwambia we andika tu inavyosikika vizuri, akaandika Inukeni Wote, akasoma kama padri juu ya mimbari, bweni zima likacheka. Tukagawana kadi, akasema wewe Msukuma chukua wenye kwato, umezaliwa nao, sisi Wafipa tuachie vinavyoota, na likizo tulikwenda kwao Mpui tukicheza barazani, mama yake anapita na ungo, anasema "nyie mmekuwa wazee wa karata kabla ya ndevu," kisha ananiwekea ugali wa ulezi kwenye sahani yangu peke yangu, na maharage, anasema kula Loth, kwenu mnakunywa maziwa tu ndiyo maana miguu myembamba, na baba yangu naye alimpenda Felisiani, akifika kwetu anapewa kigoda kile cha wageni, "shikamoo mzee," "marahaba mwanangu, umekuja kunifundishia huyu asome?" na mimi nilikuwa nasikia raha, nyumba mbili, meza mbili... "Dakika tatu kila zamu, jamani," Jenifer anasema kutoka kaunta, hamsemi mtu mmoja, anasema na chumba, lakini najua ni mimi, Felisiani ameinua macho kidogo ameyarudisha. Kadi inatoka jasho kwenye kidole changu, baridi hii na bado jasho. Siku ile hakukuwa na baridi, ilikuwa mwezi wa nne, jua la baada ya mvua, majani mabichi, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nipo nyumbani, jirani na Mpui, nangoja matokeo ya maisha, yeye yuko chuo cha ualimu hapa mjini, na baba akasema leo chunga wewe, mimi nina homa, na mfukoni nilikuwa na pakiti mpya, kwato ishirini na mbili, nilizikusanya mwaka mzima kwa kubadilishana na watu, kwa mara ya kwanza nilikuwa na kwato za kutosha kujaza kaburi na kuliamsha lote, nikapanda juu ya jiwe kubwa lile lililo juu ya shamba la mama yake, nikazipanga, nikachezesha pande zote mbili, wafe wangapi kwanza, sita hawatoshi, nane wanatosha kama nyati yumo, kumi ni hatari, mpaka nijue wafe wangapi ili kuamka kwao kuwe na maana, na nilipoinua kichwa kivuli cha jiwe kilikuwa kimehama upande mwingine na ng'ombe arobaini walikuwa ndani ya ulezi. Ulezi umeshatoa vichwa. Sikusikia hata kengele, wala sijui ilinyamaza saa ngapi au masikio yangu ndiyo yalinyamaza, nilishuka nikipiga kelele, nikiwachapa, na kila nilipomtoa mmoja anatoka na kwato zake nne juu ya ulezi uliobaki, mwisho nikasimama pembeni, shamba limelala chini lote kama mkeka, hakuna mtu, hakuna aliyeona, nikawapeleka mtoni nikawanywesha, nikawarudisha nyumbani kwa njia ya mbali. Yalipita makundi matatu ya ng'ombe siku ile upande ule. Hayo ndiyo waliyoyasema wazee walipotuita, makundi matatu, nyayo ni nyayo, na mama yake akasimama na kanga yake ya kanisani, hakulia, akasema "mimi simsingizii mtu, nauliza tu," na baba yangu, bado ana homa, akasimama akishika fimbo, akasema mwanangu Loth alichunga siku hiyo, mwanangu hajanidanganya hata siku moja, muulizeni, nami nikaulizwa, nikasema nilikuwa mtoni tangu asubuhi. Tangu asubuhi. Nilisema hivyo nikiangalia viatu vya baba. Na nje, watu wametawanyika, Felisiani ameacha masomo siku mbili kuja kusimama na mama yake, akanifuata mpaka kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, akasema taratibu, "Loth, hukuwaona?" nikasema sikuwaona, akanitazama kwa muda mrefu, mrefu, kisha akasema haya. Haya, basi. Hakurudi chuoni muhula uliofuata, ule ulezi ndio ulikuwa ada yake ya chuo, nilisikia kwa watu, nikasikia analima, nikasikia amekodi na mashamba Mwimbi, mimi nikahamia mjini, nikabadilisha laini ya simu, nikasema ni kwa ajili ya biashara... "Bado unacheza kwato," anasema sasa. Felisiani. Ananisemesha mimi. Sauti haina kitu, si hasira, si utani, na mimi nasema "bado," sauti yangu imetoka kama ya mtoto, na yeye anaweka sawa rundo lake la wafu kwa kidole kimoja, kadi juu ya kadi, kingo kwa kingo, anasema, "Ndiyo pakiti ile uliyoipanga juu ya jiwe?" na anarudi kuangalia kadi zake. Juu ya jiwe. Nani alimwambia jiwe, sikumwambia mtu yeyote jiwe, wazee niliwaambia mtoni, baba nilimwambia mtoni, hata chumbani mkono wa kushoto sikuuambia, hakuna mtu... hapana, subiri, subiri, nilimwandikia. Nilimwandikia mwenyewe! Saa sita mchana, niko juu ya jiwe, nina raha, natabasamu peke yangu, nikatoa simu nikaandika, niko machungani nimezipanga juu ya jiwe la juu ya shamba lenu, kwato ishirini na mbili, nikiwaamsha wote utakimbia, na akajibu, nakumbuka akajibu, subiri nirudi. Mungu wangu. Nilisahau, namna gani mtu anasahau kitu kama hicho, nililizika jambo zima nikazika na ujumbe ndani yake, na yeye siku ile amesimama mbele ya wazee, mama yake ameuliza, baba yangu ameapa, mimi nimesema mtoni tangu asubuhi, na simu iko mfukoni mwake, ina ujumbe, ina saa, ina jina langu, angeitoa tu akaisoma, yeye anayejua kusoma kama padri, na hakuitoa, hakumwonyesha hata mama yake, maana angemwonyesha, mama yule asingesema simsingizii mtu. Alikuja ukutani akaniuliza. Hukuwaona, si swali, alikuwa anajua, alikuwa ananifungulia mlango, ingia, Loth, sema, tutaona la kufanya, na mimi nikasema sikuwaona, akanitazama ule muda mrefu ambao miaka sita nimeuita chuki, nimeupitia kila usiku nikaona chuki, na kumbe alikuwa bado anangoja niendelee kusema... na hii miti, hii miti tisa, hakusahau kucheza, hakuzuia makusudi, anaijua hii kadi iko mkononi mwangu, anajua siishushi mpaka wajae, hakuna mtu mwingine mji huu mzima anayejua hivyo, amejaza kaburi lake akingoja nimwamshie mwenyewe, tisa wakiingia, uhai tisa juu ya ule alio nao, kumi na moja wangu hawafiki, hawafiki, nimepiga hesabu mara mbili, nikishusha nashindwa na nisiposhusha nashindwa, ananijua, Felisiani ananijua mpaka mwisho na bado amevuta kiti amekaa, namkodolea macho na machozi yananichoma, nasingizia upepo. "Loth, umebakiza dakika moja," Jenifer anasema, na Felisiani anasema "mwache," bila kugeuka, "mwache afikirie, mimi sina haraka," na Isdori huko amekubali kwamba samaki anaruka, wanacheka, na mimi nafikiri, sifikirii kadi, nafikiri mama yake yuko hai, yuko Mpui saa hizi anapepeta kitu, baba yangu yuko hai, atanyamaza siku nzima nikimwambia, pengine wiki, pengine hatanipa tena mkono, lakini yuko hai, na huyu hapa yuko hai, natazama koti lake linavyopanda na kushuka anavyopumua, hakufa mtu hata mmoja, ni mimi niliyewaweka wote chini nikakaa juu yao, hapa hakuna wa kufufuliwa kwa kadi, kuna basi la asubuhi la kwenda Mpui na kuna mlango wa kupiga hodi, shikamoo mama, ni mimi Loth, nitasema, nimekuja kusema walikuwa wa kwetu, na akinifukuza nitarudi kesho yake, lakini kabla ya hapo kuna huyu, niko umbali wa meza moja tu naye, kadi bado iko mkononi, mashine bado inanguruma, naanza na Felisiani, jina lake kwanza, kisha niliwaona...