Dhamana ya Yasin

Jiwe la kwanza liliruka ua, likagonga paa la banda la magari, na nikadhani ni kunguru. La pili lilimpata mtu. Sauti ya jiwe likimpata mtu haifanani na nyingine yoyote. Nilikuwa nimeketi katika chumba changu cha uhakimu, kalamu mkononi, na kabla sijainua kichwa nilijua aliyepigwa ni Yasin, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa nje.

Dirisha langu lilitazamana na lango. Yasin alikuwa upande wa barabarani, amelishika lango kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia suruali kwa sababu mshipi wake ulikuwa bado kituo cha polisi. Askari wa lango alikuwa amelifunga kwa ndani. Simlaumu, watu walikuwa wengi na yeye ana rungu moja tu. Yasin alimwita, akamwambia, "Afande, nifungulie, nirudishe ndani." Nilimsikia vizuri kabisa. Nilikuwa hakimu, nina uwezo wa kuamuru lango lifunguliwe, na nilisimama pale dirishani mdomo wazi mpaka walipomvuta miguu akaachia.

Sitaeleza yote. Walitumia mawe ya mkandarasi aliyekuwa akijenga mtaro wa maji machafu, yaliyorundikwa kando ya barabara kwa miezi mitatu, na yalipokuwa mazito mno kurushwa waliyabeba kwa mikono miwili na kuyaangusha. Mwanamume mmoja aliyevaa koti la suti alikuwa akipokezana na mwenzake, kwa zamu, kama watu wanaotwanga. Polisi walifika na bunduki zao, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Mji wa Eldoret ukaendelea na biashara zake. Saa tano asubuhi waosha magari walikuwa wakimwaga ndoo za maji pale barabarani.

Mimi nilizaliwa Moi's Bridge, kwenye kambi ya vibarua wa shamba kubwa la mahindi, msichana wa tatu wa mvunaji. Nilianza kazi mahakamani nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Miaka tisa nilikuwa karani wa dirisha la malipo, ndipo nikasomea sheria jioni na wikendi huku nikinyonyesha. Nikawa mwendesha mashtaka, kisha hakimu. Siku Yasin anafikishwa mbele yangu nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: ujaji wa Mahakama Kuu. Nilikitaka kwa uchu, wala sioni haya kusema, maana mtoto wa kibarua hapewi kitu kwa kukaa kimya.

Anayeomba ujaji huambatisha maamuzi aliyoyaandika, yale anayoona yatamtetea. Nilikuwa na maamuzi ya mashamba, ya mirathi, ya wizi wa ng'ombe, yote mazuri na yote yakichosha. Nilikosa moja lenye roho. Ndipo Yasin akaja.

Alikuwa dereva wa lori la mahindi, kijana wa miaka thelathini na mbili, Msomali aliyezaliwa hapahapa mjini. Pale Cheptiret, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru, lori lilimshinda likaua wasichana wawili waliokuwa wakitoka shule. Alisimama kizimbani akisema breki zilikataa. Tajiri mwenye lori hakuonekana mahakamani hata siku moja. Mwendesha mashtaka hakupinga dhamana, na mimi nikasema nitatoa uamuzi Alhamisi.

Niliandika kurasa kumi na mbili. Niliandika juu ya mtu kuhesabiwa hana hatia, juu ya maskini kufungwa kwa umaskini wake, na juu ya mahakama kutoyumbishwa na hasira za watu. Mwisho nikaamuru Yasin atoke kwa kutia sahihi yake tu, bila senti moja, kwa kuwa mshahara wake ulikatika siku ya ajali. Nilipomaliza kuusoma peke yangu jikoni, machozi yalinilenga. Nilijipenda sana usiku ule.

Alhamisi asubuhi, karani wangu Okumu aliingia chumbani akafunga mlango nyuma yake.

"Madam, kuna watu wa mshtakiwa hapo nje. Bibi yake na mzee mmoja. Wanaomba usimwachilie leo."

Nilicheka. "Watu wake ndio wanaomba asitoke?"

"Wanasema wazee wao hawajakaa na watu wa Cheptiret. Wanakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Kwao mtu akiua, hata kama ni bahati mbaya, haonekani barabarani mpaka wazee wakae na wafiwa. Na hawa wa Cheptiret pia wako hivyohivyo, Madam. Wamejaa hapo uwanjani."

"Wana wakili?"

"Hawana."

"Basi waambie mahakama haiendeshwi kwenye korido."

Okumu akatoka kwenda kuwaambia.

Sheria iko wazi kwamba hakimu anaweza kumweka mtu rumande kwa usalama wake mwenyewe. Niliijua kama jina langu. Lakini kuitumia kulimaanisha kuanza upya kutoka ukurasa wa nne, na ule moto wote wa kurasa za mwisho ungezimika, ukabaki uamuzi mwingine wa kuchosha. Nililifikiria jambo hilo kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Kisha nikavaa joho, nikaingia, nikasoma kurasa zote kumi na mbili kwa Kiingereza, dakika arobaini.

Kila mtu mjini kwetu anajua jinsi mshtakiwa anavyotoka. Ndugu hukimbia huku na huku, simu zinapigwa, ng'ombe anauzwa, halafu watu wanapanga foleni kwenye dirisha la malipo huku wametoa jasho. Wafiwa wakiona hayo hutulia kidogo. Angalau na wale wengine wameumia. Siku hiyo watu wa Cheptiret walikaa wakilitazama lile dirisha na hakuna aliyelisogelea. Mara Yasin akapita mbele yao, mikono mitupu, anatoka. Okumu aliniambia baadaye ni yule mwenye koti la suti aliyepaza sauti: "Asiyelipa dirishani amelipa chumbani!"

Nilikuwa nimeusikia msemo huo wa hongo miaka tisa mfululizo. Nilikuwa nikiucheka na makarani wenzangu wakati wa chai. Kama ningemtoza hata kidogo tu, wangemwona Hamdi, mkewe, akihangaika, na pengine angefika nyumbani Kiplombe akiwa hai.

Hamdi alikuja chumbani kwangu Jumanne pamoja na mzee wao, Abdullahi. Niliwapa viti. Yeye hakuketi.

"Mama, sijakuja kugombana," alisema. "Nataka kuuliza tu. Huyu karani alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ukaelewa?"

"Nilielewa."

"Basi kwa nini?"

Nikaanza kumweleza sheria. Nilimweleza haki za mshtakiwa, kifungu kwa kifungu, nami nasikia sauti yangu ikiwa tamu kama ilivyokuwa Alhamisi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Mzee Abdullahi ndiye aliyenikatiza, akitazama kofia yake aliyoiweka magotini.

"Mama, rumande angekonda," alisema. "Angerudi amekonda, na sisi tungemnenepesha."

Walipotoka nilifunga mlango nikalia mpaka kifua kikauma. Nilimlilia Yasin, na nisipindishe, nilijililia na mimi pia, kwa hofu kwamba nitaulizwa. Sikuulizwa. Jumatatu iliyofuata ripoti ya ukaguzi wa lori ilifika mezani: breki zilikuwa zimekufa wiki nzima kabla ya ajali, na alama za matairi zilionyesha dereva alikuwa amelikwepa kundi kubwa zaidi la watoto. Niliandika "Mshtakiwa ameaga dunia, kesi imefungwa," nikatia sahihi, Okumu akaichukua faili bila kunitazama. Watu wanne walishtakiwa kwa mauaji. Mwenye koti la suti hakuwamo.

Mwaka uliofuata nafasi za ujaji zilitangazwa. Niliketi mezani na maamuzi yangu yote, nikayapanga, nikayapangua. Ule wa Yasin niliutoa mara mbili. Mara ya tatu niliuweka juu kabisa, maana kusema haki ya Mungu, ndio uliokuwa bora.

Kwenye usaili walikuwa wengi mezani, na kila mmoja alikuwa na lake. Waliniuliza mirathi, mashamba, kuchelewa kwa kesi. Mwisho akabaki mzee mmoja mpole. Alikuwa na karatasi zangu mkononi, zimepigiwa mistari kwa penseli.

"Mheshimiwa Nasike, huu uamuzi wa dhamana nimeusoma mara mbili," alisema. "Umeandikwa na mtu mwenye utu. Huyu kijana mwishowe alipatikana na hatia?"

"Kesi haikusikizwa. Mshtakiwa alifariki."

"Ah. Pole." Aliweka penseli chini, akaningoja. Nadhani alikuwa akinipa nafasi. "Alikuwa mgonjwa?"

Chumba kilikuwa na joto. Nilimtazama usoni, mzee wa watu, nikaona ananitakia mema.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mgonjwa."

Akaandika neno moja, akageuza ukurasa. Mwezi wa pili nilishika Biblia nikaapa kutenda haki bila woga wala upendeleo, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.