Wino wa Mazoezi

Ujumbe uliingia kabla mafuta hayajashika moto. Natalina alifuta unga mikononi, akaitoa simu kwenye beseni la vikombe na kumpa Josline asome, maana macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha.

Josline alikuwa Mganda wa Masaka, mgeni asiye na kura hapa. Alikaanga chapati kwenye banda hilohilo la Gumbo, kando ya barabara ya Nimule, upande wa pili wa karai la mandazi. Alisoma kwa sauti ya mhubiri.

"Mama Natalina, wewe ni mtu wa mazingira. Leo majirani wako tisa kati ya kumi wanapiga kura. Usibaki peke yako."

"Majirani gani?" Natalina aliuliza.

"Si ni mimi. Na Mukasa wa boda, na Milly wa nywele, na yule wa vocha. Sisi wote Waganda. Tunapiga kura na macho."

"Basi nyinyi wote tokeni, nisibaki peke yangu."

Walicheka mpaka mteja akauliza kama chai ilikuwa ya kuuzwa au ya kuchekewa.

Ukweli ni kwamba Natalina hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu uchaguzi ulipoanza kuahirishwa, na uliahirishwa mpaka watu wakaacha kuuliza. Nyuma ya nyumba yake palipita khor, ule mfereji mkubwa unaoshuka mtoni, na malori ya kunyonya vyoo yalikuwa yakimwaga mzigo humo. Yanakuja mchana kweupe, yanarudi kinyumenyume, dereva anafungua bomba huku anaongea na simu. Mwaka jana mjukuu wa Natalina alilazwa kwa kipindupindu, akarudi nyumbani mwepesi kama nguo iliyokauka. Mwenye malori anaitwa Maker, na sasa Maker alikuwa anagombea kiti cha sehemu hiyo. Picha yake imebandikwa kwenye malori yenyewe. Aliyeshindana naye alikuwa mwalimu mstaafu, Emilio, ambaye siku moja alisimama nyuma ya lori na fimbo yake, akakataa kuondoka. Hicho tu. Kwa wanawake waliokuwa wakisafisha khor kila Jumamosi kwa majembe na magunia, hicho kilitosha. Wangeenda kumpigia kura hata kwa magoti.

Lakini wenye elimu walikuwa wameambiwa vingine. Mradi wa kuhamasisha wapiga kura ulikuja Gumbo na gari jeupe, na ndani yake Bwana Gatluak, kijana aliyelelewa Nairobi na kusomea huko sayansi ya tabia za watu. Aliwaeleza kwamba wapenda mazingira wengi hubaki nyumbani siku ya kura, na jambo hilo limethibitishwa. Natalina akauliza limethibitishwa wapi. Likawa limethibitishwa ng'ambo, na watu wenye mvua ya bomba na viti vya kulalia. Basi dawa ya uvivu wa watu wale ikaletwa Gumbo kunyweshwa watu hawa.

Wakabandikiwa karatasi za kijani mlangoni: Nyumba hii inapiga kura. Wakaapishwa mbele ya wenzao ili waone aibu kurudi nyuma. Wakaulizwa mmoja mmoja: utatoka saa ngapi, utapita njia gani, utaenda na nani? Natalina alijibu kwamba njia ni moja, na kama lori la Maker limeziba, hakuna. Gatluak akaandika "njia ipo."

Siku mbili kabla ya kura ndiyo ikawa siku ya mazoezi, chini ya rakuba, kile kivuli cha nyasi mbele ya kanisa. Walipanga foleni, wakatumbukiza vikaratasi kwenye boksi la sabuni, kisha Gatluak akafungua chupa ya wino wa zambarau na kuwaambia wachovye kidole. Mtu anayetembea na alama, alisema, anajiona tayari ni mpiga kura, na jirani akiiona anaona wivu.

"Lakini hii si kama ile ya kura yenyewe?" Natalina aliuliza.

"Ni ya mazoezi tu, mum. Nimetafuta ile inakaa, ndio isitoke haraka. Poa?"

Na Natalina akachovya. Tena alifurahi. Jioni aliosha vyombo mkono mmoja ukiwa juu, kama bibi harusi mwenye hina.

Basi asubuhi ile alimwachia Josline karai, akavaa gauni la kanisa na kwenda shuleni, kwenye kituo cha kura. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshaamka vibaya. Alipofika mezani alimkuta Scovia, binti aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, alikoishi naye, amevaa fulana ya tume.

"Mama, lete mkono."

Natalina akauleta.

"Wewe umeshapiga."

"Mimi? Nimepiga wapi? Mimi ndiyo natoka nyumbani."

"Kidole iko na wino."

"Hii ya mazoezi, mwanangu. Watu wa mradi walitupaka."

"Mazoezi ya nini? Kura ni mpira? Mama, toka kando, watu wanangoja."

"Angalia basi jina langu kwenye kitabu. Kama nimepiga si litakuwa na alama?"

Scovia hakufungua kitabu. "Mimi nimeambiwa mwenye wino asiingie. Sikuambiwa kitu ingine."

Natalina alirudi bandani karibu akikimbia. Josline alimsikiliza huku anageuza chapati, kisha akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kuacha kucheka.

"Leta Jik," alisema. "Na ndimu. Na ile waya ya sufuria. Huyo kijana wa Nairobi nikimkamata nitamkaanga."

Walisugua mpaka maji ya beseni yakawa ya waridi. Mwanzoni ilikuwa rangi, baadaye ilikuwa damu. Josline alikunja uso zaidi ya mwenye kidole.

"Inauma?"

"Sugua."

Wino wa juu ulitoka. Wa kwenye mzizi wa kucha ulibaki palepale.

Aliporudi kituoni aliwakuta wanawake wa Jumamosi chini ya ukuta, wote, wamekaa na vidole vyao vya zambarau mapajani. Hakuna aliyeuliza mwingine kilichotokea. Natalina alipita akasimama tena foleni, akafika tena mezani.

Scovia alikitazama kidole kilichochubuka. "Sasa ndiyo umeharibu kabisa. Anayefuta wino anataka kupiga mara mbili. Nikiita askari utasemaje?"

"Nitasema wewe mtoto wa Adjumani unanijua."

"Hapa sijui mtu, mama. Malesh, unisamehe."

Mchana gari jeupe likaja, na Gatluak akashuka na mpiga picha. Alipoona vidole vya zambarau vimekusanyika mahali pamoja, uso ulimng'aa.

"Safi sana, akina mama! Wote mmetokea! Hebu inueni vidole juu."

Hakuna aliyeinua. Walimweleza, mmoja akaanza, wengine wakamalizia. Gatluak akaingia ndani, akazungumza Kiingereza kirefu na wasimamizi, akatoka anajifuta shingo.

"Wamekataa. Ni makosa madogo ya utekelezaji, nitayaweka kwenye ripoti. Lakini picha bado tunaihitaji. Nia mlikuwa nayo, na sisi tunapima nia pia."

"Andika kwamba sikupiga," Natalina alisema.

Gatluak alitoa simu yake, akaigusa. "Mum, hapa kuna majibu matatu. Alipiga. Alisahau. Hakuwa na hamu."

"Mimi ni nani hapo?"

"Labda tuweke alipiga. Itasaidia mradi kurudi."

"Mradi kurudi," alisema Natalina. Aliwatazama wenzake, kisha akainuka na kujipangusa vumbi la gauni. Mpiga picha alidhani anajiandaa, akainua kamera. Natalina akampita.

Akaenda kusimama mwisho wa foleni, kwa mara ya tatu. Mwanamke mmoja wa Jumamosi akaja nyuma yake, na mwingine, mpaka chini ya ukuta pakabaki Gatluak na mpiga picha wake, na kamera isiyo na watu.

Scovia alimkataa Natalina, akamkataa wa pili, akamkataa wa tatu. Kila aliyekataliwa alizunguka akarudi mwisho wa foleni. Mtu mmoja alinung'unika kwamba wanachelewesha watu. Mzee aliyekuwa mbele yake akamwambia anyamaze, wana haki ya kusimama.

Jua lilipoanza kushuka askari alikuja kufunga lango. Mezani Scovia alikuwa ameegemea kiganja, macho yamechoka. Hakutazama tena kidole.

"Jina?"

"Natalina. Wa pale khor."

"Hapana, mama."

"Haya," Natalina alisema, akazunguka akarudi nyuma.